Paka Wangu, Mapajani mwa Wifi

Jumamosi, 2 Machi

Mvua imeanza leo na paka ameingia leo, na vyote viwili vimeingia kwa kishindo. Mwalimu mstaafu, mteja wangu wa mapazia tangu enzi hizo, anahamia ghorofani kwa mwanawe, na mkwe hataki kusikia habari za paka. "Ni mtu mzima huyu, mama, tabia zake zimeshakomaa," alinionya akinikabidhi kikapu kilichofungwa kwa mtandio. Nikamwambia hata zangu zimekomaa, tutaelewana. Jina lake Tangawizi, kwa ajili ya rangi. Nilipofungua kikapu kwenye chumba changu cha kushonea alipita kama risasi, akajibanza nyuma ya marobota ya vitambaa, na mpaka naandika hivi nimeona mkia tu.

Mume wangu alirudi amelowa, na begi lake la spana, akachungulia. "Sasa hapo nani kamfuga nani?" Acha acheke. Yeye anashinda kwenye friji za watu, mimi nashinda na cherehani. Watoto hatukujaaliwa, na nimeshaacha kuulizwa, na nimeshaacha kujiuliza. Nilitaka kiumbe kimoja kitakachofurahi kikiniona mimi naingia mlangoni. Basi.

Jumapili, 3 Machi

Hajatoka.

Jumatano, 6 Machi

Ametoka, amekula samaki wote. Nikamfuata, nikamwinua kwa mapenzi yangu yote, nikamtazama machoni ili ajue sisi sasa ni ndugu. Akaning'ata kidole gumba, kile kile ninachosukumia kitambaa. Mume wangu alicheka hadi akakaa chini. "Mke wangu, hata mimi nilipokuja kukuposa sikukubeba siku ya kwanza."

Kesho nitambeba tena. Lazima anizoee.

Jumapili, 10 Machi

Wifi amefika. Ni mdogo wake mume wangu, wa mwisho kwao, aliyedekezwa na kila aliyemtangulia kuzaliwa. Mumewe anaendesha malori ya masafa, yuko njiani wiki nenda wiki rudi. Nyumba yao inavuja, na daktari amemwambia apumzike, asibebe ndoo wala asipande ngazi. Tumbo lilitangulia kuingia, yeye akafuata. Atakaa kwetu hadi mvua zikatike.

Alikwenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti cha dirishani katika chumba changu cha kushonea, eti ndiko kuna hewa. Akaanza kupiga soga na kaka yake, habari za utotoni, nani aliiba sukari, nani alichapwa kwa ajili ya nani. Wala hakumtupia paka hata jicho. Nikiwa nimeinama napiga pindo, nikamwona Tangawizi anatoka nyuma ya marobota, ananyoosha mgongo, anatembea kama anayekwenda kwake, huyoo, akapanda mapajani mwa wifi. Akajikunja pale chini ya tumbo, akaanza kukoroma.

"Lo, wifi, kumbe paka wako mpole hivi!"

Nilicheka kicheko cha mdomoni. Samaki nanunua mimi, mchanga wake naubadilisha mimi, kidole kilichofungwa plasta ni changu. Naona gere, na naiandika hivyo hivyo, maana humu hakuna wa kunisuta.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Mapajani mwa wifi.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Mapajani mwa wifi. Nimemaliza mapazia ya zahanati.

Jumanne, 19 Machi

Mguu uko juu ya kigoda naandika. Asubuhi wifi alikuwa bado amelala, mume wangu anakunywa chai jikoni. Nilikuwa kwenye cherehani pale dirishani, nimekalia kazi ya bibi harusi, neti nyeupe mita na mita. Tangawizi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha dirisha anatazama mvua. Nikafurahi, nikasema moyoni leo tumekaa pamoja. Mara nikasikia sauti imemtoka tumboni, kama mlango mbovu unaofunguliwa polepole. Nikanyoosha mkono nimbembeleze. Sijui nilipigwa kwanza au nilipiga kelele kwanza. Alinirukia mkononi, akashuka mguuni, akaukumbatia kwa makucha yote na kung'ata, akaachia, akang'ata tena. Mume wangu alikuja na mfuniko wa sufuria. Neti ya watu ina damu.

Zahanati wameniosha jeraha kwa maji na sabuni muda mrefu hadi nikataka kulia, wakanichoma sindano. Muuguzi akatazama dirisha lao na mapazia niliyoyaleta wiki iliyopita, akasema, "Mama mapazia, ulikuwa unashona au unapigana?"

Mume wangu hakucheka safari hii. "Sikiliza. Humu kunakuja mtoto mchanga. Paka huyu akimng'ata mtu tena, nampeleka godauni kwa yule rafiki yangu wa nafaka. Panya wako tele kule."

Na mbwa wa mlinzi wako tele kule, hilo hakulisema. Wifi alikuja kunipa pole na paka mkononi. Kambeba begani, kama mtoto anayecheulishwa! Nikampa kisogo.

Alhamisi, 21 Machi

Daktari wa mifugo ni mwanamke mwembamba mwenye buti za mpira, muda mwingi yuko kwenye ng'ombe. Kampapasa Tangawizi kila mahali, kamfungua kinywa, kasema haumwi popote. Kisha akaanza kuniuliza mimi, kama mgonjwa ni mimi. Unambeba? Unamkazia macho? Unamfuata akijificha? Nilijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, na kila ndiyo ikazidi kuwa ndogo.

"Kwa paka, anayemkazia macho anamtafutia ugomvi," alisema. "Anayempuuza ndiye mtu wa heshima. Ndiyo maana mgeni wako kapendwa. Kaa kimya, tazama pembeni, mwache aje mwenyewe. Mkia ukianza kupigapiga na masikio yakilala, ondoa mkono. Lakini hilo la juzi ni kitu kingine. Alikuwa anatazama nini?"

"Mvua."

"Paka hang'ati mtu kwa sababu ya mvua. Katazame tena."

Kwa hiyo wifi kapendwa kwa uvivu wake. Kukaa tu kama gunia, ukapendwa! Nimerudi na kikapu kichwani, mvua yote yangu.

Jumapili, 24 Machi

Nimeona. Asubuhi na mapema, juu ya ukuta wa jirani, paka dume jeusi, jitu la kichwa kikubwa, sikio moja limechanika. Linakaa pale linamtazama Tangawizi kama mwenye nyumba anayemngoja mpangaji. Tangawizi akavimba akawa wawili. Hawezi kulifikia, kioo kiko katikati, basi hasira zinamshukia aliye karibu. Na aliye karibu asubuhi ni mimi, maana wifi huamka jua likishachoka.

Dirisha hili lingekuwa na pazia tangu mwanzo, Tangawizi asingeliona dume lile. Nimewafunika watu madirisha mji mzima, zahanati, shule, nyumba za maharusi, na langu mimi halijawahi kuvaa hata kitambaa cha mkono. Kila siku nasema nitashona langu kazi zikipungua. Leo nimelishona. Kitambaa kizito cha kijani, nimekitundika nusu ya chini ya dirisha, mwanga unapita juu.

Mume wangu kauliza, nikasema ni kwa ajili ya majirani wachunguliaji. Wifi nikamwambia vivyo hivyo. Sikuwaambia habari ya dume. Nataka Tangawizi akitulia, wote waone katulia kwa ajili yangu.

Jumatano, 3 Aprili

Siku zote hizi hajamgusa mtu. Sifuati, sibebi, sikazii macho. Najifanya sina habari naye kabisa, mimi ninayejua hata anageuka mara ngapi kabla ya kulala.

Leo amenusa kidole changu. Kisha akasugua shavu lake pale pale kwenye kovu. Nilitulia kama picha ukutani. Mteja alibisha hodi, sikuitika, akaenda zake.

Jumatatu, 8 Aprili

Mume wangu anatengeneza kitanda cha mtoto, na anakitengenezea katika chumba changu. Marobota yangu yamehamishiwa ukumbini, yanapata unyevu. Nimesema, akasema, "Ni kwa muda tu, mke wangu, mpaka mvua zikatike." Kila kitu humu ndani ni mpaka mvua zikatike. Mimi nikitaka rafu moja ipigiliwe msumari hungoja mwaka, lakini leo fundi friji amegeuka seremala, anapiga randa huku anaimba.

Tangawizi amekuja kunisugua mguuni mara mbili. Halafu akaenda mapajani mwa wifi.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Pale pale.

Jumatano, 17 Aprili



Mchana walikuwa wote chumbani kwangu. Wifi kwenye kiti cha dirishani, paka juu ya mapaja, mume wangu amepiga magoti anapima mguu wa kitanda. Wifi akashtuka, akashika tumbo. "Kaka, lete mkono! Anacheza!" Akaweka mkono. Uso wake, sijawahi kuuona uso ule. Tumeoana miaka na miaka na mimi sijawahi kumpa uso ule.

"Njoo na wewe, wifi, umguse," aliniita.

Nikasema mikono yangu ina mafuta ya cherehani. Mume wangu akacheka, "Hata Tangawizi anasikilizia!" Kisha akapigiwa simu, friji ya duka la nyama imezima, akachukua begi lake akaondoka. Tukabaki watatu, au wanne, kwa jinsi wifi anavyohesabu.

Hapo nikalisikia dume. Lilikuwa ukutani, mchana kweupe, linalia. Masikio ya Tangawizi yakasimama. Pazia lilikuwa limefungwa. Nikajua. Naandika hivyo hivyo: nilijua kitakachotokea kama ninavyojua kitambaa kitachanikia wapi. Nikasema, "Ngoja nipate mwanga, uzi huu hauingii tunduni," nikavuta pazia.

Sikuwahi kurudi kwenye kiti. Wifi alipiga kelele moja tu. Mkono wake ulichanika kuanzia kiwiko hadi kiganjani, paka kaning'inia, wifi akainuka kwa ghafla na kukanyaga mabaki ya kitambaa sakafuni. Akaanguka kwa ubavu. Nilimwona anavyojikunja ili tumbo lisifike chini, na ndipo akili ikanirudi, ikanirudi yote kwa pamoja.

Nilimtupia paka blanketi. Nikamwita jirani mwenye gari. Njiani wifi alinishika mkono muda wote, mkono ule ule uliovuta pazia, ananiambia, "Wifi, usiniache." Nilikuwa nikimwomba Mungu mtoto asidhurike, na kila nikiomba naona haya kuomba.

Mtoto ni mzima. Mapigo yake wametusikilizisha, yanakwenda mbio. Wifi kafungwa bandeji, kachomwa sindano, karudi amelala. Mume wangu amekaa mlangoni kwake.

Alhamisi, 18 Aprili

Mume wangu amesema Jumamosi, godauni. Hakupandisha sauti. "Tulikubaliana." Nikasema ndiyo, tulikubaliana.

Tangawizi amefungiwa stoo. Analia, kisha ananyamaza, kisha analia. Nimempelekea chakula, akaja akaegemea kifundo cha mguu wangu na uzito wake wote. Leo! Siku zote hizi nimelitafuta hili, ameniletea leo.

Nikinyamaza anakwenda kuliwa na mbwa kwa kosa langu. Nikisema, mume wangu atajua amelala na nani miaka yote hii. Wifi hajasema neno. Ananitazama tu akipokea uji, anasema ahsante.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua. Sijashona hata mshono mmoja.

Jumamosi, 20 Aprili

Mume wangu alikuja na katoni ya friji ndogo, ametoboa matundu, kamba begani. Tangawizi aliingia bila ubishi, sijui kwa nini leo hakubisha. Nilimsikia akikwaruza ndani. Mume wangu akaibeba, akafika mlangoni, akawa anavaa viatu.

"Mimi ndiye niliyefungua pazia," nikasema.

"Pazia gani?"

Nikamweleza. Dume, ukuta, daktari, kitambaa cha kijani. Nikaona anafuatilia polepole, kama anavyofuatilia waya kutafuta ulipokatikia.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na dada yangu amekaa pale. Na tumbo lile."

"Nilitaka amng'ate. Nilitaka paka ashuke mapajani mwake, mara moja tu. Sikufikiria kuanguka. Wallahi sikufikiria."

Akaiweka katoni chini taratibu kuliko alivyowahi kuweka kitu chochote. Sauti ya wifi ikatoka nyuma yangu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, mkono wenye bandeji kaukumbatia kifuani.

"Nilikuona, wifi. Uzi ulikuwa umeshaingia sindanoni."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mume wangu akamgeukia. "Mbona hukusema?"

"Nilitaka nione kama atasema mwenyewe." Kisha akaniambia mimi, machozi yanamtoka lakini sauti imenyooka, "Na wewe kwa taarifa yako, huyo paka nilikuwa namhonga. Kila ukienda kupeleka mapazia nampa vichwa vya samaki. Mume wangu hapigi simu wiki nzima, kaka anarudi jioni, wewe hata nikisalimia unanijibu kwa mkasi. Nilitaka angalau mmoja humu ndani anione wa maana."

Nilikuwa nimemwonea gere kwa kitu alichokuwa anakiiba kwa sababu hana.

Mume wangu akakata kamba ya katoni. "Paka hana kosa, abaki. Wewe ndiye sijui nikupeleke wapi."

Wifi ameondoka mchana, kwenda kwa shangazi yao, upande wa pili wa mji. Alikataa nimbebee begi.

Jumapili, 21 Aprili

Mume wangu amelala kwenye kochi. Chai kajichemshia.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua. Bado kochi. Tangawizi anakaa mbele ya mlango wa chumba cha wifi na kulia. Nyumba ni yangu, paka ni wangu, kiti cha dirishani ni changu. Nimepata kila nilichokitaka, na hakuna anayezungumza humu ndani zaidi ya cherehani.

Jumapili, 28 Aprili

Nimemwambia mume wangu naomba radhi. Akasema, "Si mimi uliyemwangusha." Ni kweli. Nimepiga simu kwa shangazi, shangazi kasema amelala. Mchana kalala. Jioni kalala.

Alhamisi, 2 Mei

Amelala.

Jumatatu, 6 Mei

Leo mume wangu kala chakula nilichopika mezani pamoja nami. Aliniambia wifi miguu imevimba lakini yuko salama, siku zimekaribia, na kwamba shangazi ana ngazi ishirini na ushee mpaka chooni. Akasema hilo la ngazi huku anatazama sahani. Kisha akapigilia msumari ile rafu yangu.

Jumapili, 12 Mei

Manyunyu tu leo, na jua kidogo mchana.

Nimechoka na kilio cha Tangawizi pale mlangoni, nikamfungulia ahakikishe mwenyewe kwamba hamna mtu. Akaingia. Akanusa mto, akanusa khanga iliyosahauliwa, akapanda kitandani, akageuka, akageuka, akalala katikati. Nikakaa sakafuni kando yake, sikumgusa. Tulikaa hivyo sisi wawili, tukimngoja mtu mmoja, na ndiyo mara ya kwanza tumekubaliana jambo.

Nikapiga simu. Safari hii akapokea mwenyewe.

"Wifi," nikasema.

"Tangawizi ananililia?"

"Analia kila siku. Lakini sikupigii kwa ajili ya paka."

"Ila?"

"Kwa ajili yangu. Nilikufanyia ubaya, na nilikufanyia nikiwa na akili zangu. Sikuombi usahau. Nakuomba urudi unikasirikie huku huku, si huko kwenye ngazi."

Nikasikia anapumua. Nikasikia shangazi anauliza ni nani, naye akajibu, "Ni wifi yangu," akasema hivyo tu. Akarudi kwenye simu.

"Kitanda changu bado kipo?"

"Kipo. Ila kuna mtu kalala katikati, na mimi wa kumtoa simo."

Akaguna. Nadhani alicheka, sina hakika. "Mwache alale. Mwambie kaka aje kesho na gari lenye nafasi, shangazi kanijazia vitu vya mtoto. Na wifi..."

"Naam."

"Mtoto akicheza, safari hii unawe mikono."

Nimefagia chumba kizima kwa kuzunguka kitanda. Kesho paka atapanda mapajani mwake mbele ya macho yangu, mume wangu atatoa ule uso wake, na roho itaniuma, najijua. Iniume tu, wakiwa humu ndani.